Mtama Uliotupiwa Kuku

Ukitaka kumuudhi Libérate, mpe mbegu iliyochanganyika. Kwa mengine yote alikuwa mama wa kawaida wa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda: anaamka mapema, anachota maji, anasali rozari yake, anagombana na mbuzi wa jirani. Lakini akishaketi na ungo wa mtama mapajani, hata padri angeambiwa asubiri. Vidole vyake vilipita juu ya punje taratibu, vikichomoa hii, vikiacha ile, na kilichochomolewa hakikurudi. Mtama wake ulikuwa mwekundu, na aliutaka mwekundu vilevile mpaka punje ya mwisho.

Mbegu hiyo alitoka nayo Kirundo, kaskazini mwa Burundi, mwaka ule wa 2015 walipokimbia machafuko. Mumewe Astère, aliyekuwa seremala, alibeba randa na msumeno. Binti yao Inès, wakati huo bado msichana mdogo, alibeba sufuria. Libérate yeye alifunga mtama kwenye pindo la kitenge akakikaza kiunoni, chini ya nguo nyingine, akatembea nao hivyo mpaka Uganda. Njiani walipoteza sufuria, blanketi na picha ya harusi. Mtama ulifika.

Kwao mwanamke anapoolewa hukabidhiwa mbegu na mama mkwe, na tangu siku hiyo mbegu ni neno lake. Mume atalima, atavuna, atakunywa. Kuchagua hachagui, na akijaribu anachekwa na mlima mzima, maana kwao kijiji ni mlima. Mama mkwe wa Libérate, mzee Kantengwa, Mungu amrehemu, alimfundisha kwamba mwenye mbegu hujulikana kwa ungo wa rangi moja. Suke lenye rangi ya kigeni huondolewa kabla halijakauka, na wanaopewa ni kuku. Libérate alilishika somo hilo barabara, na mimi simlaumu kwa kulishika. Kule Kirundo halikumdhuru mtu. Ukilitupa suke moja wewe, jirani yako aliye mvivu kuchagua analo. Mwaka ukikugeukia, unakwenda kumwomba kikombe cha mbegu na mambo yanaendelea. Mbegu ya mlima ilikuwa ya mlima mzima, imetawanyika katika mashamba ya wakali na ya wazembe.

Nakivale hakukuwa na mlima. Kijiji chao kilikuwa na Warundi kutoka kila pembe, Wakongo, Wanyarwanda, na wengi walipanda mahindi na maharage. Mtama ule mwekundu ulikuwa wa Libérate peke yake. Alichokitupa yeye hakikuwa na shamba lingine la kujificha. Hilo hakuliona. Kadiri alivyokaa ugenini ndivyo mkono wake ulivyozidi kuwa mkali, kwa sababu alijiambia kwamba vyote vimebadilika, nyumba, jina la kijiji, hata namna ya kusalimiana, basi angalau mtama ubaki kama ulivyotoka nyumbani.

Masuke ya mistari yalianza kutokea baada ya msimu mmoja wa jua kali. Shamba zima lilikuwa limejikunja kwa kiu, likazaa kidogo, na mwaka uliofuata, katikati ya wekundu, yakasimama masuke machache yenye punje nyeupe zilizochorwa michirizi myekundu, kama mtu aliyezishika akiwa na damu kidoleni. Libérate aliyaona kabla hayajakauka na akayakata palepale.

"Hili limesimama vizuri lakini," Astère alisema, akiwa ameshika suke moja. "Mengine yamelala. Hili halikulala."

"Mbegu ni kazi yako?"

"Si kazi yangu."

"Basi mpelekee Mama Gradi, awape kuku wake."

Astère hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na mtu akipandisha sauti yeye alikwenda kutafuta cha kupiga randa. Aliyachukua masuke akaelekea kwa Mama Gradi, yaani Sidonie, Mkongo wa Kivu Kusini aliyekaa mteremko wa juu, kwenye kiwanja chenye mawe kuliko udongo. Mwaka uliofuata mistari ikatokea tena, Libérate akakata, Astère akapeleka. Ikawa desturi. Kulikuwa pia na kiti cha Sidonie ambacho Astère alikwenda kukitengeneza, mguu mmoja ulikuwa umelegea, na kiti hicho hakikuwa na mwisho. Kila mara akiulizwa anakwenda wapi, anakwenda kutazama kiti. Libérate alimtania kwamba amesikia makanisa yaliyojengwa kwa muda mfupi zaidi. Ndani ya utani huo palikuwa na mwiba mdogo, kwa sababu Sidonie alikuwa mjane na bado alikuwa na meno yake yote.

Kisha Astère akafa. Aliinama shambani kung'oa gugu, akaketi kana kwamba amechoka, na Libérate alipomfikia alikuwa ameshakwenda. Walimzika kwenye makaburi ya kambini, chini ya msalaba wa mbao ambao mtu mwingine alilazimika kuuranda, na haukurandwa vizuri.

Sasa nieleze jambo la pili la kwao, maana bila hilo hamtamwelewa mama huyu. Mtu akifa, Warundi huwa na siku ya kumaliza msiba wake, baada ya mwaka au zaidi, na huiita kuganduka. Ukoo hukutana, chungu cha impeke, pombe ya mtama, huwekwa katikati, wafiwa hunyolewa, na maisha hufunguliwa tena. Kabla ya siku hiyo nyumba imefungwa: hakuna ngoma, hakuna binti wa kuozeshwa. Na kwenye mlima wa kina Astère kulikuwa na sharti moja zaidi. Kabla mrija wa kwanza haujaingia chunguni, mwanamke aliyepika pombe husimama akasema, "Mtama huu ni wa fulani," na fulani ni marehemu mwenyewe. Yaani yeye ndiye anayewanywesha wageni wake mara ya mwisho, kwa mbegu ya nyumba yake, na baada ya hapo anaweza kwenda. Maneno hayo husemwa mbele ya wafu na walio hai. Libérate hakuwahi kusikia mtu aliyeyasema kwa uongo, wala hakutaka kuwa wa kwanza.

Kwa hiyo mwaka uliofuata alipanda mbegu karibu yote aliyokuwa nayo. Mvua ya Machi ilikuja, ikalowesha vumbi, ikaondoka. Mtama uliota, ukafika magotini, ukaanza kujikunja. Libérate alibeba maji ya kunywa akayamwaga shambani, jambo ambalo majirani walilitazama kwa huruma bila kusema kitu. Yote yalikauka. Alipanda tena na mvua za mwisho wa mwaka, akibakiza konzi moja tu kwenye kibuyu, na mvua zile zilikuwa mbaya kuliko za kwanza. Alikwenda kusimama katikati ya shamba lake, akavunja bua moja likakatika kama kijiti cha kuni, na akaogopa. Konzi ile ya kibuyuni ilikuwa imeliwa na wadudu mpaka ndani. Alijaribu kuiotesha kwenye kitambaa kibichi. Haikuota hata moja.

Rénovat, mdogo wake Astère, alitoka upande mwingine wa kambi kuja kuuliza siku ya kuganduka. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye shughuli zake za duka.

"Shemeji, twende Rwekubo tununue mtama. Uko mwingi sokoni. Nani atajua?"

"Astère."

Rénovat alichukua kofia yake. Inès, ambaye posa yake ilikuwa ikingojea msiba uishe, hakusema lolote, na kunyamaza kwake kulimuuma mama yake kuliko maneno.

Ni siku hiyohiyo, akimsindikiza Rénovat njia ya juu, Libérate alipoinua macho kwenye kiwanja cha Sidonie, kule kwenye mawe ambako hata magugu yalikuwa na adabu ya kutoota. Nyuma ya nyumba, mahali pasipoonekana kutoka bondeni, palikuwa na mtama. Haukuwa mrefu, majani yake yalikuwa yamejisokota na ncha zimeungua, lakini ulikuwa umesimama, na juu yake kulikuwa na masuke. Alisogea. Punje zilikuwa nyeupe, zenye michirizi myekundu.

Ningependa kuwaambia kwamba alifurahi, lakini hakufurahi. Alihisi ameibiwa.

"Mama Gradi, umepanda uchafu wangu?"

Sidonie alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliweka mchi chini, akajifuta mikono.

"Mama Inès, karibu kwanza. Ndiyo, nilipanda. Chukua yote, ya msiba. Mi nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Huu si wetu tena. Umechanganyika na nini sijui. Sitasimama mbele ya watu niseme ni wa Astère."

Sidonie aliutazama ule mtama. "Sawa, Mama Inès," akasema, akaokota mchi wake.

Inès alikuwa na kazi Mbarara, kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mimea pembezoni mwa mji. Aliosha vyombo vya maabara na kumwagilia miche, akarudi nyumbani kila mwisho wa wiki. Ndiye aliyemwomba Sidonie suke moja, akazichukua na punje zilizokufa za kibuyuni, akampelekea mtafiti aitwaye Kayumba, kijana mpole aliyependa mtama kuliko watu wengine wanavyopenda mpira. Swali lilikuwa moja tu, na lilikuwa la mama yake: huu ni ule, au ni mwingine? Punje hata ikifa, Kayumba alisema, bado inaweza kujibu swali kama hilo. Kazi yenyewe ilifanyiwa kwenye mashine ya Kampala na ilichukua muda mrefu. Jibu lilipofika, Libérate alikataa kuletewa kwa simu. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda Rwekubo, akapanda gari la Mbarara, akafika kituoni kabla ya saa sita na vumbi la njia nzima.

Kayumba alimletea kiti na maji. "Mama, karibu kabisa. Utanisamehe, Kiswahili yangu ni ya jeshi. Nilizaliwa Makenke, ndani ya kambi ya jeshi, baba alikuwa askari, tuliongea hii tu."

"Nitakusikia, mwanangu."

Aliweka mezani vifuko viwili, cha punje nyekundu zilizotobolewa na wadudu na cha punje za mistari.

"Hii mtama yako ya zamani na hii ya mistari ni kitu moja. Hakuna mtama ingine iliingia. Tuliangalia mara mingi."

"Mistari imetoka wapi basi?"

"Imetoka ndani yake yenyewe." Kayumba alivuta kiti karibu, na hapo uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayekaribia kusimulia habari za mtoto wake. "Mama, ndani ya kila punje kuna maagizo. Inaambia mmea: weka rangi hapa, kunywa maji namna hii, jua likiwaka fanya hivi. Sasa, katikati ya hiyo maagizo kuna vipande ingine haikai mahali moja. Inatoka hapa, inaenda kuingia pale. Ziko kwa mimea yote, mahindi, mtama, ngano, yote. Siku mingi mmea inazifunga, zinalala. Lakini jua ikiwa kali sana, mmea ikiteseka, ile kufuli inalegea. Zingine zinaamka, zinahama."

Libérate alichukua kifuko cha mistari akakisogeza karibu na macho.

"Kipande moja ilienda kuingia ndani ya agizo ya rangi. Ikaiziba. Punje ikakuwa nyeupe. Lakini wakati punje inakua, kile kipande inatoka tena, hapa kidogo, pale kidogo, na pale inatoka, wekundu inarudi. Ndiyo hiyo michirizi."

"Na jua? Kwa nini huu haukufa na wangu ukafa?"

"Hapo nakuambia kitu nafikiri, si kitu najua. Mistari haizuii jua. Mistari ni alama tu, inasema ndani kuna vitu ilihama. Nafikiri kipande ingine ya namna hiyo ilitua karibu na agizo ya maji. Hivi vipande, zingine zinasikia joto. Ikikaa karibu na agizo, joto likija inaiamsha, na mmea inaanza kushika maji mapema, kabla haijachoka. Kwa mahindi watu walishaona kitu karibu kama hii. Kwa hii yako bado tunapima." Akatabasamu. "Kwa hivyo ukame ndiyo iliisaidia, mama."

Libérate alikunja uso. Alitazama kile kifuko cha kwanza, cha punje zilizokufa.

"Na ile ambayo kipande kiliingia pabaya?"

Tabasamu likamtoka Kayumba. "Hiyo ndiyo mingi zaidi. Kikiingia pabaya inaharibu, mmea inazaliwa mgonjwa, ama haizaliwi. Hiyo hatuioni, mama. Ilikufa shambani."

Libérate aliwakumbuka, bila kutaka, watu aliotoka nao Kirundo. Dada yake aliyerudi nyuma kumtafuta mtoto. Mzee wa jirani aliyeketi chini ya mti akawaambia watangulie. Huwa tunawaambia wageni kwamba mkimbizi ni mtu imara, na wageni hupenda sana kusikia hivyo, na wanaosema hivyo ni wale waliofika.

"Basi usiseme ukame uliusaidia, mwanangu. Sema uliua mwingi, huu ukabaki."

Kayumba hakubisha, kwa sababu ndivyo ilivyo, na alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Furaha ya kazi ndiyo ilimtangulia ulimi. "Ni kweli, mama. Nimekosea kusema vile."

"Lakini ni wetu?"

"Ni wenu. Hiyo naweza kuapa."

"Mimi niliutupa. Mwaka hadi mwaka. Kitu ulichokitupa bado ni chako?"

Kijana alikuna kichwa, akatazama vifuko vyake viwili. "Hiyo, mama, mashine haipimi."

Alirudi Nakivale na jibu nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa nzito kuliko aliyoipata. Sasa alijua kwamba mtama wa Sidonie ulikuwa damu ya mtama wa Kirundo. Lakini alijua vilevile kwamba Astère hakuupanda, hakuupalilia, na nyumba yake iliukataa. Angesimamaje aseme ni wake? Usingizi ulimpaa. Alipungua mpaka Inès akaanza kumtazama kwa wasiwasi. Rénovat alituma ujumbe kwamba wazee wa ukoo wameuliza tena, na kwamba kama ni la mwaka ujao basi waambiwe.

Mwishowe alipiga moyo konde akapanda mteremko kwa Sidonie. Alimkuta amekwisha vuna, masuke yamefungwa mafungu na kutundikwa juu ya jiko, kwenye moshi, yakingwe na dumuzi. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mama Gradi, nilikusema vibaya siku ile. Nisamehe."

"Ilipita hiyo."

"Yule kijana wa Mbarara ameapa kwamba ni mbegu yetu. Lakini hata hivyo siwezi. Nimejaribu kuyasema maneno nikiwa peke yangu, yanakwama. Astère hana mkono katika mtama huu. Mimi niliutupa kwa kuku, wewe ukauokota. Ni wako."

Sidonie alichochea moto kwanza. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, anayeweza kumsimamisha mtu njiani mpaka maji yamwagike kichwani, lakini sasa aliyapima.

"Mama Inès," alisema hatimaye, "nani alikuambia nilipata hii masuke kwa kuku?"

"Si nilimtuma Astère?"

"Ulimtuma. Lakini kuku zangu hazikuona ata punje moja. Mara ya kwanza alinikuta hapahapa. Akaniambia: Mama Gradi, bibi yangu hataki kuona hii, na mi siwezi kuingia mu mambo ya mbegu yake. Lakini hii imesimama, na mi nasikia huruma kuiua. Naomba kafasi kadogo kule nyuma, kwenye majiwe, fasi yeye hawezi kuona. Akachukua jembe, akalima yeye mwenyewe. Mi sikupanda kitu."

Libérate aligeuza macho upande wa nyuma ya nyumba.

"Kila mwaka alikuwa anapanda, anapalilia, anavuna. Ile masuke unakata, anachanganya na ya huku. Watu walikuwa banamuuliza, anasema anakuja kuangalia kiti."

"Kiti."

"Kiti kilipona siku ya kwanza, Mama Inès. Alikaza mguu, akapiga msumari, ikaisha. Ile ingine yote ilikuwa ni mtama."

"Kwa nini hukuniambia? Hata alipokufa?"

"Aliniomba nisiseme. Kisha akakufa. Mtu akikufa, naendaje kwa mujane wake kumwambia: bwana yako alikuwa anakuficha kitu kwangu? Ungefikiri nini? Nikasema, mashina alipanda inachipuka tena yenyewe, nitapalilia tu, nitavuna, nitakupa, maneno ibaki kwangu. Lakini sasa naona inakumaliza."

Kwanza Libérate alikasirika, na alikasirika sana. Alimkasirikia Astère kwa kumwogopa, kwa kupanda mteremko kwa siri kama mwizi akiwa amebeba kitu kisichoumiza mtu. Alijikasirikia yeye kwa kuwa mke ambaye mume anamficha mtama. Kisha hasira ikaisha, na mahali pake akabaki Astère tu, akiwa ameinama kwenye mawe na jembe, akilima ili kisife kitu ambacho hakujua kama kina faida. Tangu mazishi alikuwa akilia machozi ya adabu, yale ya kufuta kwa ncha ya kitenge. Siku hiyo alilia kwa sauti, palepale juu ya kinu, na Sidonie akamshika mabega wala hakumwambia anyamaze.

Alipoweza kusema aliomba apelekwe nyuma ya nyumba. Alitazama vigingi vya mabua yaliyokatwa, vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka, kwa sababu seremala hata akipanda hupanda kwa kamba. Aliinama, akagusa kimoja.

Waligawana mafungu. Ya pombe Libérate aliyapura, akaloweka punje, akazifunika kwa majani ya migomba zikachipua, akazianika, akazisaga, akapika. Alizichagua kabla ya kuloweka, kwa mazoea, ungo mapajani. Kidole kilifika kwenye punje ya mistari kikasita. Zote zilikuwa za mistari. Aliuweka ungo chini, na Inès aliyekuwa karibu alijifanya hakuona.

Siku ya kuganduka wakaja watu wa ukoo kutoka pande zote za kambi, na wachache kutoka Rugaaga walikokuwa wanalima. Kayumba alikuja na Inès kutoka Mbarara, akakaa nyuma na wageni. Chungu kikawekwa katikati ya ua. Rénovat, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba hiyo, alisimama na mrija wa kwanza mkononi, maana mrija wa kwanza ni wa mkubwa wa nyumba, akamgeukia shemeji yake.

Libérate alisimama. Alikuwa amevaa kile kitenge alichotoka nacho Kirundo, kilichofifia mpaka maua yake hayakujulikana tena.

"Mtama huu ni wa Astère," alisema.

Hapo ndipo mwanamke huketi. Yeye hakuketi.

"Mimi niliutupa. Yeye aliuokota, akaulima kwa siri, kwa sababu alijua hasira zangu. Alipokufa, Mama Gradi aliupalilia. Ndivyo ulivyofika hapa."

Wazee walitazamana, si desturi mwenye mbegu kusema mabaya yake mbele ya chungu. Libérate alimwendea Rénovat akanyoosha mkono, na Rénovat, mtu wa haraka, mara hii alifikiri kidogo. Kisha akampa mrija. Libérate alivuka nao ua mpaka alipokuwa Sidonie.

"Mama Gradi, anza wewe."

"Mi si wa ukoo wenu."

"Anza."

Sidonie aliinama akanywa. Baada yake akanywa Rénovat, kisha wazee, kisha wote, na minong'ono ikageuka mazungumzo, na mazungumzo yakaanza kuwa na vicheko, vya kwanza kwenye ua huo tangu msiba uingie.

Ilipofika zamu ya kunyoa, Inès alileta maji na wembe, akatafuta mahali pa kumketisha mama yake. Sidonie alikuwa amekuja na kiti chake kutoka nyumbani, kama watu wafanyavyo shughuli ikiwa kubwa na viti vichache. Akakisogeza. Libérate alikitazama kabla ya kukaa. Alishika mgongo wake kwa mikono miwili, akakitikisa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu. Hakikuyumba hata kidogo. Akaketi, akafungua kilemba, akainamisha kichwa.